Barua ya Wanjiru kwa Mama Yake, Gitothua

Nilikuwa nimefanya kazi ya unesi Nairobi miaka miwili bila kutoka mjini. Mtu wa Tanga kama mimi alijua tu wodi ya wazazi, chumba chake cha kupanga, na njia ya kutoka hapa kwenda pale. Basi Pasaka ilipofika na matroni akanipa siku nne, niliazimia kwenda Thika kwa Bi Chausiku, binamu ya mama yangu, ambaye mumewe ni fundi wa reli huko. Wanjiru, mwenzangu wa wodini, alipopata habari akaniletea barua.

"Dada Mwanaidi, treni yako inapita Ruiru," alisema. "Mama yangu yuko Gitothua, si mbali na stesheni. Nimeomba ruhusa ya kwenda mara tatu, nimenyimwa."

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Mkikuyu hakuweza kusafiri bila karatasi ya serikali. Mimi hakuna aliyenizuia. Wanjiru alikuwa na mtoto wa wiki sita, binti yake wa pili, niliyempokea kwa mikono yangu siku aliyozaliwa. Bibi yake hakujua hata kama yupo.

Ijumaa saa mbili asubuhi treni iliondoka Nairobi polepole, kama mtu aendaye kusalimia tu. Ukungu ulikuwa haujainuka. Karibu na Ruiru kahawa ilikuwa imechanua, maua meupe matupu, na harufu yake ikaingia dirishani kama asumini. Usingizi ukanichukua. Nilipofumbua macho niliona mkonge, mstari kwa mstari hadi mwisho wa macho, nikaamini kabisa kwamba nimefika kwetu. Nilianza hata kutafuta kilemba changu nishuke. Kisha mtu akataja Thika, nikarudi duniani.

Jumamosi asubuhi Bi Chausiku alinipeleka kwenye maporomoko ya mto Chania. Mvua zilikuwa zimeanza, maji yamejaa, mekundu, na mvuke wake ulitulowesha nguo bila sisi kujua.

"Nikikumbuka nyumbani huja hapa," alisema. "Fumba macho usikilize, utasema ni bahari."

Nikafumba. Sijui tulikaa muda gani, wanawake wawili tumefumba macho kando ya mto wa watu.

Alasiri tukaenda mtaa wa maduka ya Wahindi, ambako palikuwa na sinema ukumbini. Tulikaa viti vya mbele, vya mbao. Filamu ilikuwa ya Kihindi, nasi hatukielewi, lakini mama mmoja mwenye sari ya kijani aliyekaa jirani alitufasiria.

"Sasa anamwambia mwanawe, usiende."

"Kisha?" nikauliza.

"Anakwenda. Wanakwenda siku zote."

Akajifuta machozi kwa ncha ya sari, nami nikajikuta nafanya hivyo hivyo, kwa ajili ya watu nisiowajua hata majina.

Jumapili mchana nilishuka Ruiru, nikauliza njia, nikatembea kwenye matope mekundu hadi Gitothua. Watu walikuwa wamekusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, nyumba zimepangwa kama askari wa gwaride. Langoni alisimama homugadi, kijana Mkikuyu aliyepewa bunduki na serikali awalinde watu wa kwao, au awachunge.

"Unatoka wapi, mama?"

"Tanga. Ni nesi, Nairobi."

"Na hiyo mfuko?"

Nikamtolea sukari, majani ya chai na barua. Alipochana bahasha akaona imeandikwa Kikikuyu, uso ulimbadilika. "Hii lazima nisome. Kama iko na maneno mbaya, leo hutoki hapa."

Wanjiru alinipa barua imefungwa. Sikujua ndani mna nini. Kijana aliisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alipomaliza akarudi mwanzo, akaisoma tena, kisha akaikunja taratibu.

"Nyambura, mama ya huyu Wanjiru, hajui kusoma," alisema. "Wewe unajua Kikuyu?"

"Sijui."

"Basi twende."

Tulimkuta mama mmoja mwembamba akichambua maharagwe mlangoni. Alipoiona bunduki alisimama ghafla, maharagwe yakamwagika.

"Cucu, keti," kijana alimwambia. Ndivyo wao wamwitavyo bibi. Akaegemeza bunduki ukutani, akaanza kusoma kwa sauti. Mimi nilielewa majina mawili tu, Wanjiru na Nyambura. Alipolifikia la pili akanigeukia.

"Mtoto amepewa jina yake," akaniambia. "Kwetu binti wa kwanza hupewa jina ya mama ya bwana. Wa pili, ya mama ya mke. Sasa ni kama huyu cucu amezaliwa tena."

Nyambura alisema kitu kwa sauti ndogo. Kijana akatabasamu.

"Anauliza: kama nimezaliwa Nairobi, nakula nini huko?"

"Mwambie ananyonya vizuri. Analia kwa nguvu. Ana masikio madogo, yamelala kichwani."

Nyambura akainua mikono akayagusa masikio yake. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, akatema mate kidogo kiganjani mara mbili, akanikunja vidole kimoja kimoja. "Peleka," alisema kwa Kiswahili.

"Ni baraka," kijana akanieleza. "Ni ya mtoto."

Tukirudi langoni nilimuuliza, "Na mama yako wewe?"

"Yuko Murang'a. Haniandikii."

"Anajua kuandika?"

Alihamishia bunduki bega la pili. "Hajui," akasema, akanifungulia.

Jumatatu alfajiri nilisita mbele ya birika la udhu. Bi Chausiku akaniuliza kulikoni, nikamweleza.

"Mate yalikauka jana, mwanangu," alisema. "Kilichobaki hakiendi na maji."

Nikatawadha. Hata hivyo ndani ya treni nilikaa nimekunja ngumi hadi Nairobi, wala sikuona aibu.

Jioni nilifungua mkono juu ya paji la uso la Nyambura mdogo, nikamsimulia Wanjiru yote. Nilijifunza katika safari hiyo kwamba habari njema huweza kupita hata lango la bunduki, ikimpata mtu wa kuisoma kwa sauti. Wanjiru aliuchukua mkono ule ule akauweka shavuni kwake, kwa kuwa yeye alikuwa mtoto wa mama yule kabla huyu mdogo hajawa mjukuu wake.