Bi Mabaka na Risasi ya Dirishani

Palikuwa na fundi wa kupaka rangi ambaye watu walimwita Bi Mabaka, maana hakuwa na nguo hata moja isiyokuwa na tone la kazi ya jana. Alikuwa hodari, ila alikuwa na kasoro moja isiyo na dawa: akiogopa, anacheka. Siku ya ndoa yake alicheka mpaka mfungishaji akamuuliza mara tatu kama kweli amekubali.

Mchana mmoja alikwenda kumchukua mjukuu wake shule ya chekechea. Akamkuta mtoto amesimama dirishani, ametulia tuli, anaguguna ubao wa chini wa dirisha kama panya.

"Wewe, unakula nini?"

"Tamu, bibi," mtoto akajibu. Midomo yote ilikuwa na magamba ya rangi ya manjano.

Bi Mabaka akampangusa midomo haraka. Wiki iliyotangulia, mafundi waliitwa kwenye duka la rangi wakafundishwa kwamba rangi nyingi za zamani za mafuta zina madini ya risasi. Kwamba magamba na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila kelele, na kwamba ladha yake ni tamutamu. Na dirisha lile, nani alilipaka miaka kumi na saba iliyopita? Yeye mwenyewe, tena kwa madaha, akiimba.

Alibandua magamba machache, akayatia kwenye bahasha, akayapeleka maabara. Majibu yalipotoka, kiwango cha risasi kilikuwa kimezidi kikomo cha usalama mara nyingi. Hakungoja hata kufunga kamba za viatu. Alikimbia hadi shuleni, akamfikia mlinzi wa getini akiwa hana pumzi, na kile kicheko chake cha hofu kimeshamvaa.

"Niitie mwalimu mkuu! Haraka! Ha ha ha! Shuleni kuna risasi!"

Mlinzi alimtazama mwanamke mwenye macho makali, anayecheka, mkono uko mfukoni. Hakuuliza swali la pili. Alipiga filimbi na kuzama chini ya benchi, miguu ikabaki nje.

Kufumba na kufumbua, walimu walikuwa wamewalaza watoto sakafuni. Watoto waliona huo ndio mchezo bora kuliko yote tangu shule ifunguliwe, wakawa wanaviringika na kupiga kelele za raha. Jirani akampigia mzazi mmoja, mzazi akawaandikia wenzake wote, na robo saa haikutimia uwanja ukajaa. Mama mmoja alikuja na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Mwingine alishika mwiko. Baba mmoja alikuwa na povu la kunyolea shavu zima.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini kwa magoti.

"Mwenye bunduki yuko wapi?"

"Bunduki gani, mwalimu?"

"Hiyo risasi imetoka wapi basi?"

"Dirishani," alisema Bi Mabaka. "Mimi ndiye niliyeiweka."

Wazazi wakarudi nyuma hatua moja. Bi Mabaka akatoa mfukoni karatasi ya maabara, akaeleza tangu mwanzo, na alipofika kwenye neno "rangi", yule wa povu alianza kutetemeka mabega. Kicheko kikaruka mtu kwa mtu. Mlinzi alipotoka chini ya benchi akijikung'uta magoti, watu walishikana wasianguke.

"Mimi naitisha mkutano wa wazazi, wanakuja watano," alisema mwalimu mkuu, akijifuta machozi. "Leo mmekuja wote. Hakuna kuondoka!"

"Basi tuikwangue leo hii," alisema wa povu. "Nina msasa nyumbani."

"Thubutu!" Bi Mabaka akaruka. "Ukiipiga msasa kavu, vumbi lote linaingia vifuani mwa watoto. Inaloweshwa, inakwanguliwa mbichi, na mtoto asiwepo hata mmoja."

Mama wa mwiko alikuwa bado hajacheka. "Kwa hiyo ulituwekea sumu, fundi?"

"Nilikuwa sijui, mwanangu. Sasa najua. Nitaitoa kwa mikono hiihii."

Mama yule aliushusha mwiko. "Nitakuja kukumwagia maji ukikwangua," akasema.

Na akaja. Watoto wakahamishiwa ukumbi wa jirani, na kwa siku tisa Bi Mabaka alifanya kazi amevaa barakoa, sakafu imetandikwa plastiki, magamba yanafungwa mifukoni, kila pembe inafutwa kwa kitambaa chenye maji. Watoto wote walipimwa damu. Watatu walikutwa na risasi, mjukuu akiwa mmoja wao, lakini daktari alisema imewahiwa. Baada ya miezi mitatu walipimwa tena, na kiwango kilikuwa kimeshuka kwa wote watatu. Bi Mabaka alimkumbatia daktari, kisha muuguzi, kisha mgonjwa mmoja asiyemjua aliyekuwa anasubiri foleni.

Madirisha yalipakwa upya kwa rangi isiyo na risasi. Mwalimu mkuu alitaka rangi ya maziwa. Watoto walipiga kura kwa mikono, wengine kwa mikono miwili, na zambarau ikashinda.

"Zambarau, fundi? Madirisha yote?"

"Kura ni kura, mwalimu," alisema Bi Mabaka, na kuchovya brashi.