Alama Tulizozisugua kwenye Nyumba ya Mwaloni

Siku ya kwanza nilipewa kofia ngumu, chupa ya maji, na kazi ya kupokea nyumba. Si kujenga, kupokea. Nyumba ya mkulima wa Uingereza, ya zamani mno, ilifunguliwa vipande huko kwao ikapakiwa kwenye makontena, kwa sababu tajiri mmoja wa Doha aliipenda akataka isimame bustanini mwake, wageni wake walale humo. Mimi shule niliachia darasa la nne. Useremala nilianzia Nairobi kwenye karakana ya majeneza, halafu hapa Doha, mtaa wa West Bay, nikifunga milango ya hoteli, yote sura moja, hadi usingizini unaota bawaba. Nyumba kama ile sikuwa nimeiona.

Nyinyi vijana mnaokata kila kitu kwa mashine, ile ilisimama bila msumari wa chuma. Mti wake ni mwaloni, huo huo wa kwenye Biblia, mgumu hadi patasi inalia. Nguzo ina tundu, mhimili una ulimi, ulimi unaingia tunduni, kisha unapigilia kijiti cha mti kupenya vyote viwili. Matobo ya kijiti yametobolewa yakipishana kidogo, makusudi, ili kijiti kikiingia kivute kiungo kibane. Mbao za mshazari zinazozuia nyumba isilale upande tuliziita mikono. Kuta zenyewe hazibebi kitu, ni fito na udongo wa kujazia, kama kwa nyanya yangu Busia. Nilipomwambia hivyo fundi mkuu, Mwingereza mzee aliyekuja na ile nyumba, alicheka akanishika bega. Tukapatana.

Yeye ndiye alinieleza kwamba mafundi wa kale walichonga kila ulimi kwa tundu lake moja tu, kwingine hauingii. Akaeleza na mengine, akionyesha mikwaruzo kwenye mbao. Kiingereza chake kilikuwa kinakimbia. Nikaitikia, yes sir. Ukweli sikushika kitu. Huku ndivyo tulivyozoea, bosi akisema unaitikia, kuelewa kutakuja baadaye.

Basi Mwingereza akaenda kwao kutengeneza meno. Nyuma yake mudir, yaani meneja wa tajiri, akaja kusema mwenye nyumba atapita Jumapili, anataka kuona mambo safi. Fomani ni mimi. Nikatazama mbao zimelala chini ya hema, nyeusi, zimeparuzwa kama na paka. Nikamwambia Musisi, Mganda wa Masaka tuliyelala naye chumba kimoja mtaa wa Najma, achukue mashine ya msasa azing'arishe.

Akauliza, "Mzee, hata hii michoro?"

"Hata hiyo. Toa yote."

Jumapili tajiri alifurahi sana, akatutumia biriani.

Mwingereza aliporudi alipitisha kiganja juu ya nguzo moja, akaenda ya pili, ya tatu, kisha akakaa juu ya mhimili kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Akatueleza polepole, safari hii nikaelewa. Ile mikwaruzo ilikuwa namba. Ndiyo iliyosema ulimi huu ni wa tundu lile.

Mudir akaita watu wote akauliza nani alisugua. Musisi akasema ni yeye, na kweli mashine ilikuwa mikononi mwake. Kisha akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akaandikiwa barua ya onyo, na mudir akasema huyo atabaki msaidizi, cheo asahau. Kalamu ya kusaini alikosa. Nilimpa yangu.

Na ni Musisi huyo huyo aliyetuokoa. Alipasua maboksi ya maji ya kunywa, akachora juu yake umbo la kila ulimi, akakata, tukawa tunatembea na maboksi kutoka tundu hadi tundu tukijaribu, kama watu wanaopimisha viatu sokoni. Jua kali, wiki baada ya wiki. Nyumba ikasimama. Kabla Mwingereza hajarudi kwao, nilimwambia ukweli nyuma ya hema. Akasema, "Usiniambie mimi. Mwambie mudir." Nikasema kesho.

Kesho hiyo ilikuwa miaka mitatu. Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko huku, tulikuwa tunaenda na Musisi kanisani, kule Mesaimeer, tunakaa benchi moja, tunaimba, na yeye bado msaidizi. Jambo lile hakunigusia kamwe.

Mwaka huu magoti yamekataa ngazi, nikaomba kustaafu nirudi kwetu. Mudir akaniuliza, "Baba, kazi yako nimwachie nani?" Nikasema Musisi. Akakunja uso, akasema si ndiye yule aliyeharibu mbao?

Nikamwambia, "Mimi nilimwamuru. Aliniuliza kwanza, nikamwambia toa yote."

Akasema mambo ambayo sitayaandika, nilistahili, halafu akamwita Musisi ofisini.

Watu huniuliza kazi imenifundisha nini. Ya mbao nimeshawaandikia. Lingine ni hili, kwamba neno la dakika moja nililibeba miaka mitatu, na lilikuwa zito kuliko mhimili wowote.

Jioni Musisi alinikuta chumbani nafunga sanduku. Akaketi kitandani kwake, funguo za stoo ya vifaa, zile za fomani, mkononi.

"Mzee," akasema, "nilikuwa nangoja nione kama neno lile utapanda nalo ndege."