Macho ya Fundi Nachimuthu

Kila fundi ana kiungo kimoja kinachomlisha, na Nachimuthu alilishwa na vidole. Miaka ishirini na miwili alikereza vyuma katika kiwanda cha pampu za maji huko Coimbatore, kisha akaacha kazi akafungua gereji nyuma ya nyumba ya dada yake, mtaa wa Singanallur. Pikipiki ziliingia pale zikiwa na akili timamu na kutoka na kichaa cha mbio. Alichonga njia za hewa ndani ya silinda kwa tupa nyembamba, akitia kidole ndani na kufumba macho, na vijana wakadhani ni mbwembwe za mzee.

Wala hazikuwa mbwembwe. Tangu mwaka juzi macho yake yalikuwa yameacha kuona vitu vya karibu, na la kushoto lilikuwa limetandwa na ukungu. Hakumwambia mtu. Nani angempelekea injini fundi asiyeona? Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini wahenga hawakuwa na gereji.

Sikukuu ya kila mwaka ya kuombea zana ilipofika, gereji ilioshwa hadi sakafu ikang'aa. Spana, bisibisi na tupa zililazwa juu ya kitambaa mbele ya picha ya Saraswati, mungu mama wa elimu na ufundi, zikapakwa rojo la sandali na unga mwekundu, na kando yake pakawekwa bisi za mchele na dengu. Kila zana iliyokwisha kupakwa ilikuwa imelala. Hakuna wa kuzigusa mpaka kesho asubuhi, na hilo hata mlevi wa mtaa ule analijua.

Mlangoni ilisimama pikipiki ya Kayalvizhi, au Kayal, mpwa wake, ikiwa imevishwa shada la maua na kuwekewa ndimu chini ya kila gurudumu. Binti huyo wa miaka ishirini na miwili alikuwa na mashindano ya mbio kesho. Leo angezikanyaga ndimu kwa baraka, azunguke mara moja hadi hekaluni, kisha aipeleke barabara mpya ya nje ya mji akaifungulie mafuta yote.

Mama yake, Valarmathi, alikuwa bado anapaka zana. Alifika kwenye kikopo cha jeti, vile vipande vya shaba vidogo kama punje ya mahindi, vyenye tundu la kupitisha petroli na nambari ya upana wa tundu hilo iliyochongwa ubavuni.

"Nachimuthu, hii mia mbili na kumi mbona imo humu? Si ndiyo uliyosema unaitia jana?"

Nachimuthu alizihesabu kichwani. Za nambari hiyo alikuwa nayo moja tu. Basi iliyomo ndani ya kabureta ni ipi? Jana alizigusagusa kiganjani, akaikodolea moja kwenye mwanga, akajiambia ndiyo.

"Ninazo mbili, Dada," alisema.

Ulimi ulimtangulia, akabaki anaustaajabia. Kama aliyotia ni ile ya mia na themanini, injini ilikuwa inanyimwa petroli. Injini iliyonyimwa huwa hailalamiki. Huwaka kwa raha, hunguruma vizuri kuliko siku zote, halafu katikati ya mwendo pistoni huyeyuka na kuganda ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likakwama papo hapo. Aliyekaa juu huondoka peke yake.

"Mjomba! Unaona haya kunibariki?" Kayal alimwita, helmeti ishafungwa. "Au unaogopa nitakuharibia maua?"

Majirani wakacheka. Mdomo wa Nachimuthu ulifunguka, na neno moja tu lilitakiwa litoke. Aliziona nyuso zote zikimtazama yeye, fundi Nachimuthu, fundi wa vidole.

"Nenda polepole," alisema.

Ndimu zikapasuka. Injini ikawaka, ikalia kwa sauti kali, safi, na watu wakapiga makofi. "Inaimba, Mjomba!" Kayal alipaza sauti, akaondoka.

Nachimuthu alisimama palepale akisikiliza. Alimsikia akipita kwa muuza chai, akikata kona, kisha, kwenye kipande kilichonyooka cha hekaluni, akamsikia akifungua mafuta yote. Alimwomba kila mungu aliyemjua kwa jina. Sauti ilipanda, ikapanda tena, halafu ikakatika, naye akashika mwimo wa mlango asianguke.

Kumbe Kayal alikuwa anabadili gia tu. Sauti ikarudi na kusogea. Kayal alipotokea kwenye kona akiwa mzima, Nachimuthu alikimbilia katikati ya njia, akamzimia injini na kuuchomoa ufunguo.

"Shuka."

"Mjomba, si bado barabara mpya!"

"Shuka, nasema!"

Aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya picha, akaokota spana na bisibisi zikiwa bado na sandali mbichi. Valarmathi alipiga ukelele. "Wewe! Zana zimelala! Umerogwa? Unataka kutuletea nuksi nyumbani?"

"Nuksi imeshaingia, Dada. Macho yangu hayaoni. Yana miaka miwili hayaoni."

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, na wote walisikia. Hakuna aliyecheka. Kayal aliisukuma pikipiki ndani; spana ya mjomba wake ikagonga chuma bila kushika, ndipo binti alipoichukua akafungua mwenyewe. Alianza na plagi. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chokaa, na juu ya ule weupe paling'aa vichembe vya fedha, vidogo mithili ya mchanga. Nachimuthu hakuviona. Alipitisha ukucha, akavihisi, akajua ni pistoni iliyokuwa imeanza kuyeyuka.

Kayal akatoa jeti, akaigeuza kwenye mwanga. "Mia na themanini," alisoma. Alikigeukia kile kikopo cha jeti mbele ya picha. "Mama alikuuliza kabla sijawasha."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Angeaminiwa, maana nani angefikiria vingine juu ya mjomba mtu?

"Nilijua," alisema. "Niliona bora uipande kuliko watu wajue."

Valarmathi alijifunika uso kwa upindo wa sari. Kayal hakulia wala hakufoka. Alikiinamisha kikopo, akaokota jeti moja na kuisogeza mbele ya macho ya mjomba wake, karibu kabisa.

"Hii ni ngapi?"

Alikodoa. Aliona njano tu, na nyuma yake uso wa mtoto wa dada yake.

"Sijui," alisema.

"Haya," alisema Kayal, akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa na kumshikisha bisibisi mkononi. "Wewe shika, mimi nisome."