Waya wa Plagi Mbili

Mtaani walimwita Fundi Usijali, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Soketi inatoa moshi? Usijali. Taa inajiwasha na kujizima? Usijali, nakuja. Na kweli alikuwa akija, ngazi begani, bisibisi kwenye mfuko wa shati, na kazi yake ilikuwa safi. Tusimnyime haki yake.

Ubaya wake ulikuwa mmoja: alipenda kusifiwa. Umeme ulipoanza kukatika kila mara na watu wakanunua jenereta ndogondogo, kila nyumba ilitaka kuwasha taa zake zote bila kutandaza nyaya sebuleni. Njia ya halali ni kufunga chenjiova, ile swichi kubwa inayochagua ama umeme wa nguzo ama wa jenereta, viwili hivyo visikutane. Hiyo ni kazi ya siku nzima. Fundi Usijali akaleta yake ya dakika tano: waya wenye plagi ncha zote mbili. Ncha moja unaichomeka kwenye jenereta, ya pili kwenye soketi yoyote ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Watu wakamwagia sifa. Naye, badala ya kuona haya, akakaa kitako akawaonyesha unavyofungwa.

Alijua. Hapo ndipo panapouma. Alijua kwamba ukisahau kuzima meni swichi, ile inayokata umeme wa nguzo usiingie nyumbani, umeme ule wa jenereta unatoka nyumbani unapanda nguzoni, unamkuta fundi wa laini aliyeambiwa hakuna umeme. Alijua pia kwamba ukiichomoa plagi ukutani jenereta ikiwa inanguruma, pini zinabaki wazi mkononi mwako na zina umeme. Akajiambia, nani huyo mjinga wa kuchomoa?

Mkewe alikuwa msusi, chumba cha mbele ndicho saluni yake. Mikono yake ilisifiwa kuliko ya mumewe. Mabibi harusi walipanga foleni. Siku ya kwanza tu alipouona ule waya aliuliza, "Baba watoto, hii ncha ikichomoka ukutani, si itakuwa na umeme?"

"Wewe suka, mama," fundi akacheka. "Umeme niachie mimi."

Jumamosi moja asubuhi umeme ulikatika, fundi yuko kazini, saluni imejaa. Wakawasha jenereta uani, ncha ya pili ya ule waya ikachomekwa ukutani saluni. Mara kikaushio cha nywele kikazimika. Mama akadhani soketi ndiyo mbovu, na kwa haraka ya wateja akaichomoa ile plagi ya waya wa jenereta ukutani aihamishie kwenye soketi ya pili. Alikuwa ametoka kumwosha mteja, mikono inachuruzika maji. Vidole vikagusa pini, umeme ukamng'ang'ania. Wenye pupa walitaka kumvuta. Mteja mmoja, muuguzi, povu bado kichwani, akawakemea wasimguse, akakimbia uani kuzima jenereta kwanza. Ndiyo maana mama yu hai. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikakamaa, havikunjuki wala havikunjiki, na msusi hana mkono wa akiba.

Hakumlaumu mumewe. Afadhali angemlaumu. Alikaa kwenye kiti cha wateja akiwaelekeza wasusi wengine kwa mdomo, mpaka wateja wakawafuata wasusi hao kwao. Maji yakimwagika hayazoleki, fundi alilijua hilo, ila alitaka nyumba nyingine isipatwe. Akaanza kupita mlango kwa mlango akiomba nyaya zake, na kila aliyerudisha akamfungia chenjiova bure. Alikata waya mmoja mmoja vipande vipande mbele ya mwenyewe. Ukabaki mmoja, wa muuza nyama wa pale mtaani.

"Miaka mitatu haujaniuma," muuza nyama alimwambia mara ya tatu. "Usijali, fundi."

Mara ya nne mama alijifunga mtandio akasema, "Leo nakwenda nawe."

"Karibu, shemeji," muuza nyama alisema, akanyoosha mkono. Mama akampa wa kulia. Muuza nyama aliushika, akavitazama vile vidole vilivyokakamaa. Akaingia ndani, akatoka na waya.

Fundi aliugeuza, akafungua plagi, akaangalia skrubu. "Huu sikuufunga mimi."

"Ule wako nilimpa kaka wa mke wangu, ng'ambo ya mji. Huu nimefunga mwenyewe. Naye kawafungia majirani zake, nao sijui wamewafungia nani." Muuza nyama hakuwa na nia mbaya. "Ulitufundisha vizuri, fundi. Hata asiyejua kitu anaweza."

Fundi akauliza ni majirani wangapi. Muuza nyama hakujua, wengine walikwishahama.

Hapo mama akalia, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Mkono wake alikuwa ameshaukubali. Alililia mikono ya watu asiowajua, katika nyumba ambazo mumewe hatazipata.