Nilipotikisa Waya wa Mizabibu

Mwalimu aliyenisimamia shahada ya uzamili hapa Dodoma hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ijumaa programu yako isipotoa jibu, tunabadilisha mada," akaniambia. Nikaitikia sawa, Mwalimu, nikatoka nimevimba kwa hasira. Kubadilisha mada! Na mimi naipenda jamani.

Nilikuwa naiga kwenye kompyuta mambo yanayotokea ndani ya kipande cha fuwele, kitu kigumu kama punje ya chumvi. Atomi zimejipanga mistari na zinatetemeka. Elektroni zinapita katikati, zinazivuta atomi, nazo zinavutwa. Moja ikisogea, zote zinasikia. Programu yangu ilisogeza atomi moja, ikapiga upya hesabu ya elektroni zote, ndipo ikaenda kwa atomi ya pili. Feni ya kompyuta ilinguruma kutwa nzima na picha haikubadilika hata chembe.

Nikaona bora nikamsalimie mama shambani kwake kijijini Zuzu. Hata shikamoo sijaimaliza, akanituma nikafukuze ndege kwenye mizabibu. Nikawa natikisa mche mmoja mmoja. Ndege wakawa wanarukia mche wa jirani na kunitazama. Wananidharau hawa! Nikaukamata waya unaobeba mstari mzima, nikautikisa kwa nguvu. Loo! Wimbi kubwa likaenda polepole hadi mwisho wa shamba, vijiwimbi vikikimbia juu yake, na ndege wote wakaruka kwa pamoja.

Nikabaki mdomo wazi.

"Una nini? Umeumwa na nyuki?" mama akauliza.

"Mama, nimekuwa nikitikisa mche mmoja mmoja!"

"Si ndiyo maana nilikuwa nashangaa."

Niliporudi mjini niliandika programu upya, isogeze mawimbi badala ya atomi mojamoja. Wimbi kubwa na zito nikalipangia hatua ndefu za muda, dogo lenye haraka nikalipangia hatua fupi.

Ijumaa nikaanza na kipande kidogo, ambacho jibu lake nilishalipata kwa kalamu. Nukta za kompyuta zikakaa juu ya mstari niliouchora kwa kalamu. Kisha nikaweka kipande kikubwa ambacho kalamu haikiwezi. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Kwenye skrini elektroni moja ikapita, atomi zikaiinamia, ikasonga mbele na kibonde chake cha atomi zilizoinama. Kumbe hata ndani ya nyaya za taa kule kwangu Nkuhungu kuna mtikisiko na kuvutana kila dakika, nami nabonyeza swichi tu! Subhanallah, machozi yalinitoka.

Nikageuka kuuliza habari ya mada. Mwalimu alikuwa amevuta stuli, amekaa, miwani mkononi.

"Endesha tena," akasema.