Barua ya Mume Wangu Imenifikia Leo

Rafiki zangu, jana mume wangu alinisubiri Kisii na sikujua.

Barua yake ilikaa wiki mbili kwenye sanduku la kanisa hapa Marani. Makarani ni wawili. Mmoja hupanga barua kwa jina la mwandikiwa, mwenzake kwa boma. Kila nikiuliza, naambiwa hakuna.

Leo imetoka kwenye barua za boma la baba mkwe.

"Bibi arusi, hukusema wewe ni wa boma gani," karani akanitania.

Nikaifungua, mume wangu ameandika: "Mpenzi wangu, nahamishiwa Mombasa mwaka mzima. Jumatatu ya wiki mbili zijazo, adhuhuri, basi langu litasimama Kisii. Njoo nikuone." Jumatatu hiyo ilikuwa jana.

Tuna miezi miwili tu ya ndoa, na nampenda mno.

Wanasema siku moja barua zitapita kwenye nyaya. Zitapotea vilevile tusipokubaliana mpango mmoja wa kuzipanga.

Naanza kumjibu. Nimwambie aandike jina lipi kwenye bahasha, langu au la boma?