Goti la Baba na Meza ya Bwana

Kabla hujampeleka mzazi wako kliniki ya fiziotherapia, jua kwamba mgonjwa anaweza kuwa wewe.

Mimi nilikuwa mgonjwa asubuhi moja pale Ngarenaro, nikiwa mzima kabisa. Dada wa mapokezi aliuliza, "Mgonjwa ni nani?" Baba yangu, mzee wa Kiarusha aliyeshuka mjini kutoka shambani kwetu, upande wa magharibi wa Meru, akiwa ndani ya suti yake ya Jumapili, akaninyooshea kidole.

"Huyu. Mimi namsindikiza tu."

Kisha akajiachia kwenye benchi, mguu wa kulia umenyooka mbele kama gogo la kufungia zizi.

Kwa ajili ya shamba na ng'ombe peke yake asingekuja. Shida ilikuwa kanisani. Sisi Walutheri tunapiga magoti madhabahuni kupokea Chakula cha Bwana, na Baba akishapiga magoti hakuweza tena kuinuka bila kuvutwa. Akaacha kwenda mbele. Mchungaji alimwambia angeweza kuletewa pale pale alipokaa, kama wanavyoletewa wagonjwa. Baba akajibu kwamba yeye si mgonjwa.

Kijijini kwetu, mtu mzima asiyeshiriki na wala haumwi ana maelezo yake tayari: ametengwa na kanisa. Kilichobaki ni watu kutafuta kosa. Lililopendwa zaidi lilikuwa kwamba ameoa mke mwingine huko Nduruma. Mama aliposikia hakukasirika. Aliuliza tu, "Nduruma angefikaje na goti lile?"

Sasa kipaimara cha mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu, kilikuwa kinakaribia, na siku hiyo familia hupiga magoti pamoja na mtoto. Baba akibaki kwenye benchi, mke wa Nduruma atakuwa amethibitishwa mbele ya usharika mzima. Hapo ndipo alipokubali kliniki.

Pembeni yake kwenye benchi aliketi mzee mwingine, mtu wa rika lake, fimbo katikati ya mapaja.

"Umekuja kufanya nini huku?" akamuuliza Baba.

"Nimemleta binti. Hawa waliosoma, mifupa yao laini. Na wewe?"

"Nimemleta mama watoto."

Mama watoto hakuonekana popote. Nilitazama chumba kizima: wazee watupu, wote wamenyoosha miguu, wote wasindikizaji.

Mtaalamu alikuwa msichana wa umri wangu. Alimwamkia Baba, "Shikamoo baba," akamtazama anavyochechemea, na habari ya mgonjwa ni nani ikaishia hapo. Akaomba kuona goti. Suruali ya suti ilipanda mpaka katikati ya ugoko ikagoma. Kwenye simu walikuwa wameniambia avae nguo pana, kaptula ikiwezekana, nami nilifikisha ujumbe. "Kaptula?" alisema Baba. "Narudi darasa la nne?"

Siku ile suruali ilishuka nyuma ya pazia na goti likapatikana. Safari zilizofuata alikuja na shuka, vazi la babu yake, ambalo hufunua goti kwa sekunde na kuficha mengine yote. Nimeona nguo za mazoezi zinauzwa kwa majina makubwa. Hakuna iliyoifikia shuka.

"Baba, kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako wapi?" msichana aliuliza huku akilikunja goti taratibu.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Ndicho nilichotoka nacho chuo kikuu pamoja na digrii. Nikaanza kuwaza: sifuri ya nani? Kumi ya nani? Kumi ya mama aliyejifungua inalinganaje na kumi ya mtu aliyebanwa kidole na mlango wa gari? Nilikuwa na hotuba nzima kichwani.

"Sifuri," alisema Baba.

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Msichana akakunja zaidi. "Na hapa?"

"Sifuri."

Ng'ambo ya pazia yule mzee wa rika lake alikohoa. Hapo nikaelewa. Watu wa rika lao walitahiriwa pamoja, na anayedhaniwa kupepesa jicho siku ile anatajwa mpaka leo. Halafu unamuuliza mzee kama huyo, mwenzake akisikiliza, kama inauma! Baba akaanza kuimba kwa sauti ya chini, besi ya kwaya, wimbo wa ibada. Msichana akafurahi kwamba mgonjwa wake amestarehe, akaendelea kukunja.

Jioni goti lilivimba kama boga.

Wala hakuwa amepewa sindano wala kidonge. Alipewa kiti. Yaani aliambiwa nyumbani awe anakaa na kusimama, anakaa na kusimama, kisha akapewa na mpira mrefu wa kuvuta kwa mguu. Majirani, walioambiwa mgonjwa ni mimi, walipouliza nimepewa dawa gani, niliwaonyesha kiti. "Natoka kulima," alilalamika Baba, "naambiwa nikafanye mazoezi." Ule mpira niliukuta umefunga dumu la maziwa nyuma ya bodaboda, na umefunga vizuri.

Mara ya pili Mama alikuja nasi. Msichana alianza tena na sifuri mpaka kumi, Baba akafungua mdomo.

"Usimuulize huyo," Mama alisema. "Niulize mimi."

"Mama, maumivu ni yake."

"Ni yake, lakini masikio ni yangu. Akinyamaza, haumwi. Akianza kuimba, tano. Akishuka kwenye nyimbo za msiba, mwanangu, mwache huyo mguu."

Baba alitazama dari. Msichana alicheka mpaka akakaa. Kuanzia hapo alitibu kwa kusikiliza: wimbo ukianza anapunguza, msiba ukianza anaachia. Nilitaka kuuliza kama kipimo hiki kimefanyiwa utafiti. Nikaona goti linakunjika vizuri zaidi, nikanyamaza, jambo lisilo la kawaida kwangu. Mpira ukarudishwa kutoka kwenye dumu. Kiti kikakaa uani, na kila jioni Baba alikaa na kusimama huku akidai anaangalia mbuzi.

Siku ya kipaimara alikwenda mbele na mjukuu wake. Akapiga magoti. Akapokea. Wenzake wakainuka, yeye akabaki chini kidogo, kinanda kimenyamaza, na kanisa zima likasikia besi moja ikianza polepole. Mama alifumba macho kando yangu.

"Tano," alinong'ona. "Asishuke."

Hakushuka. Aliinuka bila kushikwa na mtu, akarudi akitembea kama mwenye ng'ombe wengi.

Nje jirani yetu alimkumbatia, machozi yanamlenga. "Hongera, mzee! Umerudishwa kundini. Sasa yamekwisha, tuambie, lilikuwa kosa gani?"

Baba alitazama kulia. Watu wa rika lake walikuwa pale, na yule wa benchi la kliniki pia, fimbo mkononi. Alitazama goti lake.

"Hakukuwa na kosa. Ni goti," alisema. "Lilikuwa linaniuma sana."

Wakatazamana. Kisha wakacheka, wote, mpaka yule wa fimbo akashika mbavu.

"Wewe? Uumwe?" alisema jirani, akipangusa macho. "Basi, usituambie. Huko Nduruma hawajambo?"